Abishaye Hodi Ataje Jina: Nasaha kwa Wanafunzi wa Uandishi wa Habari wa Likunja

  

Ndugu msomaji, hivi karibuni nilikuwa Likunja, wilayani Ruangwa, katika mkoa wa Lindi. Nilikwenda kuhudhuria hitima. Baada ya swala ya Alasiri, wazee walipokwisha kutawanyika, walinijia vijana watatu, wawili wa kiume na mmoja wa kike. Waliniamkia, nikawaitikia, wakaketi mkekani barazani. Wakanieleza kuwa wao ni wazaliwa wa pale na vijiji vya jirani, kwamba wanasomea uandishi wa habari katika vyuo tofauti vya nchi yetu, na kwamba wako nyumbani kwa likizo.

Walikuwa na daftari. Walikuwa wameazimia kutoa gazeti dogo la kurasa nne, wakalitoe kopi mjini Ruangwa, kisha walibandike penye ubao wa ofisi ya kijiji, nje ya msikiti na kwenye ghala la mazao. Ukurasa wa kwanza waliupa kichwa cha habari "Sisi ni Nani". Humo kila mmoja alikuwa amejitambulisha kwa aya moja: jina lake, anasoma nini, na mambo gani anapenda kuyaandikia. Ombi lao kwangu lilikuwa dogo. Walitaka niwasahihishie Kiswahili kabla ya kwenda kutoa kopi.

Nilisoma aya zile tatu. Kiswahili chao kilikuwa kizuri, na makosa niliyoyaona yalikuwa ya herufi mbili tatu. Lakini katika kila aya niliona pengo ambalo si la lugha. Nikawaomba waniachie daftari usiku ule, tukutane asubuhi. Niliyowaambia asubuhi ile ndiyo ninayoyaandika hapa, kwa idhini yao na bila kutaja majina yao, kwa kuwa naamini yanawahusu vijana wengi wanaoingia katika kazi hii, na yanatuhusu sisi tunaowasoma.

Walivyojitambulisha

Kijana wa kwanza aliandika kwamba yeye ni mwanahabari wa michezo mwenye uzoefu, mkazi wa Dar es Salaam, mpenzi wa soka la kimataifa. Alitumia jina la kubuni lenye mvumo wa kizungu. Hakutaja Likunja popote. Hakutaja kwamba mapenzi yake ya mpira yalianzia katika vumbi la kiwanja cha kijijini, wala kwamba timu inayomliza na kumchekesha ni Namungo ya hapo hapo Ruangwa. Haya yote aliyasema kwa mdomo tukiwa mkekani, kwa furaha kubwa, lakini katika maandishi aliyaficha.

Binti aliandika jina lake, la baba yake na la babu yake, kama desturi njema inavyotaka. Akasema kwamba anapenda kuandika habari za wakulima: bei ya korosho na ufuta, upatikanaji wa salfa ya kupulizia mikorosho, na malipo ya wakulima baada ya mnada. Akaongeza kwamba ataandika bila woga wala upendeleo. Nilipomuuliza kwa upole baba yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba ni mkulima, na pia ni mjumbe wa bodi ya chama cha msingi cha ushirika. Hilo katika daftari halikuwamo.

Kijana wa tatu ni mpenzi wa historia. Aliandika kwamba atatoa mfululizo wa makala kuhusu mradi wa karanga wa Nachingwea na reli iliyotoka Mtwara, na kwamba atawapa wasomaji historia ya kweli isiyoandikwa na mtu yeyote. Nilimuuliza ameipata wapi historia hiyo. Akasema kwamba marehemu babu yake alikuwa kibarua katika mradi, na bibi yake ndiye aliyemsimulia. Na hilo pia halikuwamo katika daftari.

Hivyo basi, mmoja alificha mahali anapotoka, wa pili alinyamazia mafungamano yake, na wa tatu hakumtaja aliyempa habari. Wote watatu walidhani wamejitambulisha.

Vijana wa Kiungani

Asubuhi, kabla ya kusema lolote juu ya aya zao, niliwasimulia habari za wanafunzi wengine waliotakiwa kujitambulisha kwa maandishi zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Katika nusu ya pili ya karne ya 19, Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, ambayo ni ya Kanisa la Anglikana, ilikuwa na shule mahali paitwapo Kiungani, nje kidogo ya mji wa Unguja. Wengi wa wanafunzi wake wa mwanzo walikuwa watoto waliokamatwa utumwani na kuokolewa majahazini na manowari za Uingereza. Walikuwamo Wayao, Wamakua, Wanyasa na watu wa makabila mengine ya bara. Njia kubwa ya misafara ya watumwa kutoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa ilipita katika nchi hii ya kusini, na ndiyo sababu habari za vijana wale si ngeni kwa mtu wa Lindi na Mtwara. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwachukua baadhi ya watu waliokombolewa, akawapeleka Masasi na kuanzisha makazi huko.

Mwalimu wao mmoja, Arthur Cornwallis Madan, ambaye baadaye alitunga kamusi mashuhuri za Kiswahili na Kiingereza, aliwataka wanafunzi wake waandike kwa Kiswahili habari za maisha yao. Waliandika makwao ni wapi, wazazi wao walikuwa nani, walikamatwaje, na walipita mikononi mwa nani mpaka wakafika pwani. Madan akazitafsiri kwa Kiingereza na kuzitoa katika kitabu kilichochapishwa London mwaka 1887, chenye jina la shule yenyewe, Kiungani.

Mwaka uliofuata, 1888, shuleni hapo hapo kukaanza kutoka gazeti la Kiswahili lililoitwa Msimulizi. Vijana wa Kiungani walikuwa wamefundishwa kazi ya kupiga chapa, na gazeti hilo liliwaunganisha wanafunzi na walimu waliokuwa wametawanyika katika vituo vya misheni. Wanaoandika historia ya magazeti ya Afrika Mashariki hulihesabu miongoni mwa magazeti ya kwanza kabisa ya Kiswahili. Zingatia hapo, ndugu msomaji. Gazeti la Kiswahili lilipokuwa bado changa lilikuwa mikononi mwa wanafunzi. Na kabla ya wanafunzi wale kuandika habari za wengine, walikuwa wamekwisha kuulizwa wao ni nani.

Hapa sina budi kusema jambo moja waziwazi, kwa kuwa siwezi kuwataka vijana waseme ukweli wa nafsi zao nami nikanyamaza. Mimi ni Muislamu, naandika katika ukurasa wa Kiislamu. Shule ile ilikuwa ya misheni, na kitabu kile kilikusudiwa wasomaji wa Uingereza. Mtafsiri na mhariri alikuwa na lengo lake katika kuchagua cha kuweka mbele. Hilo msomaji alijue. Lakini pia ajue kwamba miongoni mwa waliowanunua na kuwauza watoto wale walikuwamo watu walioswali na kufunga kama sisi, na soko la watumwa la Unguja halikufungwa mpaka mkataba wa Juni 1873, zama za Sayyid Barghash. Mtu anayesoma makala yangu ana haki ya kuyajua yote mawili: jicho langu linatazama kutoka wapi, na jambo gani lingenipendeza kulifunika.

Mfano wa Kiungani haukuwa peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, shule ya Serikali ya Kijerumani mjini Tanga ilitoa gazeti la Kiongozi, lililoendelea mpaka wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Shule hiyo haikufundisha dini ya Kikristo, na kwa hiyo watoto wengi wa Kiislamu waliingia humo, wakajifunza kusoma na kuandika kwa herufi za Kilatini. Baadaye, huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alitoa gazeti la Sahifa mwaka 1930, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah. Mwanachuoni yule hakuona kwamba kalamu ya gazeti inamshushia hadhi kilemba chake. Aliandika kwa jina lake, na watu wa Mombasa walijua ni nani anayewakosoa na anaishi mtaa gani.

"Mimi" si jibu

Imepokewa katika vitabu vya Bukhari na Muslim kwamba sahaba Jabir bin Abdillah (RA) alikwenda kwa Mtume (SAW) kwa ajili ya deni lililokuwa juu ya baba yake. Akabisha mlango. Mtume (SAW) akauliza ni nani. Jabir akajibu kwamba ni yeye, asitaje jina. Mtume (SAW) akalirudia lile neno la Jabir mara mbili, kana kwamba amechukizwa nalo.

Wanavyuoni wakatoa hapo adabu ya kubisha hodi. Anayeulizwa ni nani, na ataje jina, kwa sababu neno "mimi" halimwongezei aliyeko ndani ujuzi wowote. Kila mtu ni "mimi" kwa nafsi yake.

Mwandishi wa habari ni mbisha hodi. Anaingia katika nyumba ya mtu kupitia macho na masikio yake, anamletea habari za kumfurahisha au za kumnyima usingizi. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza ni nani. Na mwandishi anayejibu kwa jina la kubuni, na sifa asizo nazo, amejibu "mimi".

Nikamgeukia kijana wa kwanza. Nikamwambia, mwanangu, wewe hujamaliza mwaka wa pili chuoni, na umejiita mwenye uzoefu. Hilo futa. Kisha nikamuuliza kama anamjua Imamu Nawawi. Akasema kwamba anamjua. Hadithi Arubaini za Nawawi alizisoma madrasa. Nikamuuliza Nawawi maana yake nini. Hakujua.

Imamu huyo jina lake ni Yahya bin Sharaf. Alizaliwa mwaka 631 Hijria katika kijiji kiitwacho Nawa, kusini mwa Damascus, katika nchi ya Sham. Alipokuwa kijana alikwenda Damascus, mji wa elimu, akasoma huko na kufundisha huko, na akafariki mwaka 676 akiwa na umri wa miaka 45 tu. Angeweza kujiita kwa jina la mji mkubwa. Lakini alibaki kuwa mtu wa Nawa, na leo mtoto wa Likunja ambaye hajapata kuuona mji wa Sham anakitaja kijiji hicho kila anapofungua kitabu chake. Vivyo hivyo Bukhari ni mtu wa Bukhara na Tirmidhi ni mtu wa Tirmidh. Watu wale walibeba makwao katika majina yao, na makwao yakapata heshima kwa kazi zao.

Nachingwea na Ruangwa zimesimuliwa sana, lakini mara nyingi kwa kalamu za wageni. Kati ya mwaka 1947 na 1951, magazeti ya Uingereza yaliandika mengi kuhusu mradi wa karanga, ambao Nachingwea ilikuwa moja ya sehemu zake tatu pamoja na Kongwa na Urambo. Katika miaka ya vita vya ukombozi vya Msumbiji, Nachingwea ikajulikana tena kwa kambi ya FRELIMO, ambako Samora Machel aliwafunza wapiganaji. Wageni walikuja, wakaandika, wakaondoka. Basi mtoto wa hapa anapoipata kalamu, kisha jambo la kwanza analolifanya ni kuficha kwamba yeye ni wa hapa, ni nani aliyebaki kuisimulia Likunja?

Ajitakiaye mema na asione haya kuandika: mimi ni fulani bin fulani, mzaliwa wa Likunja, mwanafunzi wa mwaka wa pili, mpenzi wa Namungo. Na hilo la mwisho ni muhimu. Msomaji atakapoona kwamba nimeandika mwamuzi alituonea, atajua apime maneno yangu kwa kipimo gani.

Mambo unayoyapenda na mambo yanayokufaa

Nikamgeukia binti. Yeye alikuwa ameeleza vizuri mambo anayoyapenda. Lakini mwandishi ana mambo ya namna mbili ya kumweleza msomaji. Kuna yale anayoyapenda, na kuna yale yanayomfaa, yaani maslahi. Ya kwanza watu huyataja kwa urahisi kwa sababu yanapamba. Ya pili hufichwa.

Wanavyuoni wa fiqhi wameliona jambo hili zamani. Katika mlango wa ushahidi, wengi wao hawaupokei ushahidi wa mtoto kwa manufaa ya mzazi wake, wala wa mzazi kwa mtoto wake, wala wa mtu anayejivutia faida au kujiondolea madhara kwa ushahidi huo. Hawakusema kwamba mtu huyo ni mwongo. Huenda akawa mcha Mungu kuliko wote waliohudhuria. Walichosema ni kwamba pana shubuha, na moyo wa mwanadamu huelekea kwa ampendaye hata pale asipokusudia.

Nilimwambia: binti yangu, gazeti si mahakama, na sikukatazi kuandika habari za korosho. Ni nani atakayeziandika vizuri kuliko mtoto aliyezaliwa chini ya mkorosho? Lakini watu wa hapa wote wanamjua baba yako. Akisoma mkulima kwamba malipo yamechelewa kwa sababu za benki, kisha akakumbuka wewe ni mtoto wa nani, atasema gazeti hili ni la bodi. Na siku ukiandika kwamba bodi imekosea, watasema umegombana na baba yako nyumbani. Njia ni moja. Andika mapema, kabla hujaulizwa, kwamba baba yako ni mjumbe wa bodi. Habari za chama kile chenyewe mwachie mwenzako. Wewe andika za salfa, za bei mnadani, za barabara ya kupelekea mazao.

Hili si jambo dogo katika wilaya hizi. Ruangwa, Nachingwea na Liwale zimeunganishwa katika chama kikuu kimoja cha ushirika, RUNALI, na korosho huuzwa kwa mnada chini ya utaratibu wa stakabadhi ghalani. Mkulima anapeleka gunia lake ghalani leo, anangoja mnada, anangoja malipo. Katika kungoja huko, habari ni kama chakula. Itakumbukwa kuwa Novemba 2018, baada ya wakulima kukataa bei ndogo za wanunuzi, Serikali ilitangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitia jeshi katika kazi hiyo. Katika msimu kama huo, neno moja la uvumi linaweza kumfanya mkulima auze gunia lake usiku, kwa kangomba, kwa nusu ya haki yake. Ada za shule za mtoto wake zimo ndani ya gunia lile. Mwandishi aliyeficha maslahi yake na kupindisha habari hiyo amekula gunia la mtu bila kuligusa.

Na maslahi hayaji kwa udugu peke yake. Yako pia katika bahasha anayopewa mwandishi baada ya mkutano, katika nauli na chakula cha mchana kutoka kwa mtu anayekwenda kuandikwa. Vijana wale walicheka nilipoitaja bahasha. Kumbe wamekwisha kuisikia chuoni.

Umeipata kwa nani?

Kijana wa tatu alikuwa akinitazama kwa wasiwasi, akijua kwamba zamu yake imefika.

Umma huu ulitunga elimu nzima kwa ajili ya swali moja: umeipata kwa nani? Muhammad bin Sirin, mwanachuoni wa Basra aliyefariki mwaka 110 Hijria, ameeleza kwamba hapo mwanzo watu hawakuwa wakiuliza habari za isnadi, lakini ilipotokea fitina wakaanza kudai watajiwe majina ya wapokezi. Ndipo ikakua elimu ya kuwachunguza wapokezi: huyu ni nani, alizaliwa lini, alikutana kweli na yule anayedai kumpokea, kumbukumbu yake ikoje, je, ana upande anaoupendelea? Mpokezi asiyetajwa jina waliita habari yake mubham. Na mpokezi aliyeipata habari kwa mtu, kisha akaitoa kwa namna ya kumficha mtu huyo, tendo lake waliliita tadlisi, na wakalikemea.

Nikamwambia kijana: wewe umefanya tadlisi bila kujua. Ulipoandika historia ya kweli isiyoandikwa na mtu yeyote, ulidhani unaipa nguvu habari yako. Umeidhoofisha. Andika kwamba babu yako alikuwa kibarua wa mradi, kwamba alimsimulia bibi yako, na bibi yako akakusimulia wewe ukiwa na umri fulani, jikoni kwake. Hiyo ni isnadi. Kisha itafutie shahidi. Nenda kwa wazee wengine wa Nachingwea waliouona mwisho wa reli ile kabla haijang'olewa. Yakiafikiana, sema. Yakihitilafiana, sema pia.

Nao ujana si kasoro katika jambo hili. Sayyidna Umar bin Khattab (RA) alipoelezwa na Abu Musa Al-Ash'ari (RA) hadithi ya kuomba idhini mara tatu kisha kurejea, alimtaka alete shahidi. Abu Musa akaenda kwenye kikao cha Ansari. Wakamwambia kwamba atakayesimama naye kwa jambo hilo ni mdogo wao wote. Aliyesimama alikuwa Abu Said Al-Khudri, kijana, na ushahidi wake ukakubaliwa na Amiri wa Waumini. Sayyidna Umar hakuwa akimtuhumu sahaba mwenzake. Alitaka watu wajue kwamba habari inayobebwa kwa jina la Mtume (SAW) haipiti mlangoni bila kuulizwa.

Hapa binti akauliza swali zuri. Je, akimhoji mtu mnyonge ambaye atadhurika jina lake likitajwa, afanye nini? Nikamjibu kwamba kuna tofauti kati ya kutomjua mpasha habari na kumsitiri. Mwandishi lazima amjue kwa jina na kwa uso, apime ukweli wake, kisha akiona madhara ya hakika amsitiri, na amwambie msomaji kwamba amemsitiri na kwa nini. Lakini jina la mwandishi mwenyewe libaki pale juu, kwa sababu pakitokea lawama ni yeye atakayeibeba. Asiyeweza kusimama mbele ya habari yake asiitoe.

Kujitambulisha si kujisifu

Huenda msomaji akauliza kama si kujitukuza kwa kijana kuweka habari zake ukurasa wa kwanza. Swali hili lina msingi, kwani Qur'ani imetukataza kujitakasa nafsi zetu, katika Surat An-Najm aya ya 32. Lakini katika Surat Yusuf aya ya 55, Nabii Yusuf (AS) anamweleza mfalme wa Misri sifa zake mbili, uaminifu wa kuhifadhi na ujuzi, anapoomba kusimamia hazina ya nchi. Wanavyuoni wakafahamu hapo kwamba mtu anaweza kueleza alivyo pale watu wanapohitaji kujua kabla ya kumkabidhi amana. Nabii Yusuf alitaja kile ambacho kazi ilikihitaji, akanyamaza.

Hicho ndicho kipimo. Kila sentensi ya kujitambulisha iulizwe: je, hii inamsaidia msomaji kuipima habari yangu, au inanipamba mimi? Inayopamba ifutwe.

Hata sheria na kanuni za kazi hii zinalitambua jambo hilo kwa njia yake. Baraza la Habari Tanzania, lililoanzishwa mwaka 1995, lina maadili yanayomtaka mwandishi aepuke mgongano wa maslahi. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imeweka bodi ya ithibati na kitambulisho cha mwandishi. Ni mambo ya lazima. Lakini kitambulisho cha shingoni kinasema tu kwamba umeruhusiwa kuandika. Hakimwambii mkulima wa Likunja baba yako ni nani wala habari umeipata kwa nani. Hayo utayasema mwenyewe kwa khiari yako, na kwa kumcha Mola wako, ambaye katika Surat Al-Isra aya ya 36 ametufahamisha kwamba masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa.

Daftari lilivyorudi

Adhuhuri ya siku ile, kabla sijaondoka, waliniletea daftari kwa mara ya pili. Aya zilikuwa fupi kuliko za kwanza. Kijana wa michezo alikuwa amerudisha jina alilopewa na wazazi wake, na mbele yake ameandika Likunja. Binti alikuwa ameweka sentensi moja juu ya baba yake na bodi; akaniambia kwamba kwanza alimsomea baba yake, na mzee alikaa kimya kwa muda, kisha akamwambia aandike. Kijana wa historia alikuwa amemtaja bibi yake, na amekwenda asubuhi ile ile kumwomba ruhusa. Bibi alimpa ruhusa, lakini akamsahihisha mambo mawili aliyokuwa ameyakosea.

Niliwauliza kama bado wanataka niwasahihishie Kiswahili. Tukasahihisha zile herufi mbili tatu.

Ndugu msomaji, kama una kijana nyumbani anayesomea kazi hii, mkalishe umuulize maswali haya matatu: unatoka wapi, una mafungamano gani na jambo unaloliandikia, na habari umeipata kwa nani? Akiweza kuyajibu kwa maandishi bila kujipamba, muunge mkono na umnunulie kalamu. Mwenyezi Mungu katika Surat Al-Hujurat aya ya 13 ametufahamisha kwamba ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane, na hakuna kujuana kwa watu wanaofichana majina.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu kalamu za kweli, awahifadhi na uvumi na bahasha, na atupe sisi wakubwa ujasiri wa kuyatenda tunayowaagiza. Amin.

Wabillahi tawfiq.